Kikundi cha ukoo: fidla za usiku

Shangazi: Asalaam aleikum ukoo, kuna aliye macho? nimetoka shifti hapa Leicester nikawasha redio ya gari nikaikuta Sailing By, nimeshindwa kushuka, nimekaa nje ya mlango mpaka ikaisha

Idi: Waaleikum salaam shangazi, shikamoo. Sailing By ndo bendi gani

Shangazi: Marahaba. Sio bendi, ni muziki wa okestra hauna mwimbaji, katunga Ronald Binge 1963, BBC Radio 4 wanaupiga usiku kabla ya utabiri wa bahari wa saa sita na dakika 48. Unaziba ule muda mpaka utabiri uanze na baharia anayetafuta stesheni akiusikia tu anajua kaipata. Halafu msomaji anaanza polepole kutaja maeneo ya bahari, Viking, North Utsire, South Utsire, kama anavuta uradi

Mwana: Samahani shangazi nimeusikiliza sasa hivi, mi naona kama wa kwenye lifti ya hoteli

Shangazi: Hapana mwanangu usiseme hivyo 😔 huyohuyo Binge ndo alompangia Mantovani, kiongozi wa okestra, zile fidla za wimbo wa Charmaine 1951. Kazigawa makundi, kundi moja linapiga noti linaishikilia, la pili linadaka inayofuata, la tatu nalo hivyohivyo, na zile za mwanzo bado zinalia, unahisi uko ndani ya kanisa kubwa linalorudisha sauti kumbe mwangwi wote kaupata kwa kugawa noti tu. Weka earphone usikilize na hiyo Charmaine

Ami: Dada umenigusa. Sisi kwenye taarab fidla zote tunafuata njia moja, kila mtu anatia nakshi zake. Kugawana wimbo noti kwa noti namna hiyo anayeandika lazima awe na hesabu kali, na mpigaji akichelewa kidogo tu imeharibika

Shangazi: Ndo hapo kaka! Na okestra kama hizo zilikuwa zinawapigia watu walio kazini. Kulikuwa na kipindi BBC, Music While You Work, kilianza Juni 1940 wakati wa vita, nusu saa asubuhi nusu saa mchana, kwa ajili ya viwandani, kimeisha 1967. Muziki wake wa kufungulia ukawa Calling All Workers ya Eric Coates. Kuna bibi nilikuwa namhudumia, alifanya kazi kiwanda cha soksi tangu msichana, mwishoni hata jina la mwanawe halikumbuki. Siku moja nikamwekea hiyo kwenye simu, vidole vikaanza kutembea juu ya trei ya chai, gumba na shahada vinasukuma mbele, vinasukuma, namwangalia mara nikaelewa, anapeleka kitambaa kwenye sindano. Nimesimama na kijiko cha uji mkononi machozi yananitoka

Idi: Allahu akbar

Mwana: Shangazi nimeweka earphone. Zinapokezana kweli!! moja inaanza huku nyingine inaitikia kule, sijawahi kusikia kitu kama hiki

Shangazi: Umeona eeh ❤️

Ami: Hiyo ya usiku nami naitaka, hivyo hivyo inavyotoka redioni na yule msomaji wake

Shangazi: Kesho nna shifti tena, nikitoka nitakupigia niweke simu kwenye spika ya gari. Ila kwenu itakuwa saa tisa kasoro usiku kaka

Ami: Saa hizo nishaamka natia udhu. Piga tu