Tupeane uzoefu: neno la Kiingereza la "kudanganya" lililokugharimu

Mwandishi wa Tororo

Habari zenu wandugu. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na maelezo kwa Kiingereza, meza yangu iko karibu na mahakama hapa Tororo. Mtu anakuja anaeleza kwa Kiswahili, mimi naandika. Kwa miaka mingi kila aliyesema "alinidanganya" nilimwandikia neno la kwanza lililonijia: "cheated", "conned", "lied". Niliona yote ni mamoja.

Mwaka jana alikuja mama mmoja muuza mahindi. Mteja alichukua magunia 20 kwa mkopo, akapotea. Nikaandika kwamba aliahidi kulipa, halafu "he cheated me". Polisi wakasoma, wakamrudishia karatasi: "Mama, hili ni deni, nenda ukafungue madai." Akarudi, akaketi kwenye benchi langu akiviringisha ncha ya leso kidoleni, hasemi neno.

Nikamwuliza upya, taratibu: siku ile anapakia magunia, alikwambia nini hasa? Akasema: "Alinionyesha karatasi yenye muhuri, kwamba kuna shule imeshampa oda na hela yake iko tayari. Nimefika shuleni mwenyewe. Hawamjui."

Nilishtuka. Sheria ya Adhabu ya Uganda ina kosa la kujipatia mali kwa "false pretence", yaani kwa madai ya uongo, na inataka uongo wenyewe uhusu jambo lililopita au lililopo. "Nitakulipa Ijumaa" ni ahadi ya mbele. "Shule imeshanipa oda" ni habari ya jambo lililopo, na ni ya uongo. Mama alikuwa na kesi mkononi tangu asubuhi, mimi ndiye niliyeiacha nje ya karatasi. Niliandika upya na sikumtoza hata shilingi, na bado linaniuma, maana alishalipa nauli mara mbili.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Neno gani katika haya ya hila limewahi kukuponza, au kukufumbua macho?

Dukani Kikuubo

Asante kwa kufungua mada, mzee. Sisi sokoni Kampala tunatofautisha bila kusoma. Mzani ukichezewa, au nyanya kubwa zikipangwa juu na zilizopondeka chini, hiyo ni "cheat", yaani kupunja. Umepata kitu, ila pungufu.

"Con" ni kitu kingine kabisa. Kijana alikuja dukani kwangu kununua vitenge. Siku ya kwanza jora 1, taslimu. Wiki iliyofuata jora 3, taslimu, na akamletea mtoto wangu biskuti. Mwezi mzima hivyo. Siku ya mwisho akachukua jora 15, gari linasubiri nje, kaka yake anakuja na pesa "sasa hivi". Nilimsaidia kubeba! Nilipotoka mlango wa pili, gari hakuna. Waganda wanawaita bafere, na mufere hakuibii siku unayomshuku. Anakununua kwanza kwa pesa yake mwenyewe.

Mwandishi wa Tororo

Pole sana ndugu. Na umeligusa neno lenyewe lilikotoka. "Con" ni kifupi cha "confidence", imani. New York mwaka 1849 alikamatwa mtu aliyejulikana kwa jina la William Thompson. Alikuwa akimsogelea mpita njia, kavaa vizuri, anaongea kama mnajuana, kisha anamwuliza: una imani nami kiasi cha kuniachia saa yako mpaka kesho? Watu walimpa. Gazeti likamwita "confidence man". Kwa hiyo imani inatangulia, mali inafuata, kama ulivyosema kuhusu biskuti.

Samaki wa Pakwach

Mimi nilikaribia kuvunja nyumba ya watu. Nauza samaki wakavu, na kuna mwalimu mmoja nilimpelekea mzigo, akanilipa pungufu ya tuliyokubaliana. Yeye Kiswahili hajui sana, nikamwandikia ujumbe wa Kiingereza: "You cheated on me." Nilimaanisha amenipunja.

Mke wake ndiye aliyeshika simu. Alinipigia usiku ananitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, mimi naapa kwa jina la Mungu kwamba ni samaki tu. Ilibidi shangazi yangu aende kuonana naye ana kwa ana, akiwa na daftari la mauzo. Kumbe hicho ki-"on" kinageuza maneno: bila hicho umepunjwa, nacho mpenzi wako katoka nje. Herufi 2!

Afande mstaafu

Mimi nataka kusema jambo moja. Si kila hadaa ni dhambi. Jeshini, ambako Kiswahili ndicho kilituunganisha watu wa kila kabila, tulifundishwa "deception" kama somo la heshima. Kuna "feint": unashambulia kweli, risasi zinalia, mnagusana na adui, lakini nguvu yako kubwa inapita kwingine. Na kuna "demonstration": unajionyesha tu, magari na vumbi, bila kumgusa. Watu wanachanganya haya mawili. Niliwaeleza vijana wangu kwamba "feint" ni chenga ya mpira, mwili wote unaenda kushoto kweli, na ndiyo maana beki anakufuata.

"Bluff" sasa, huo ni mkwara. Huna kitu mkononi.

Mwalimu, Arua

Nashukuru, afande. Nafundisha Kiingereza sekondari, na kosa ambalo wanafunzi wangu wanalirudia linatokana na uzuri wa lugha yetu, siyo ujinga. Kiswahili kinaruhusu: "Alinidanganya lakini sikudanganyika." Sentensi safi kabisa. Mwanafunzi akiipeleka moja kwa moja kwa neno "deceive", inajipinga yenyewe, kwa sababu "deceive" ni mpaka umeamini. Kama hukuamini, alijaribu tu. "Lie" ndiyo inayosimama: mtu anaweza kukuambia "lie" na usiiamini hata nukta.

Mimi huwaambia wauangalie mlango. "Lie" ni kubisha hodi na uongo. "Deceive" ni uongo umeshaingia na kuketi sebuleni.

Na nyongeza, kwa sababu naipenda: neno "dupe", mtu aliyedanganywa kirahisi, linatoka Kifaransa, na linahusishwa na jina la ndege hudihudi, waliyemwona mjinga. Kwetu sisi Waislamu hudihudi ndiye aliyemletea Nabii Sulaiman habari ya kweli ya Sabaa. Ndege mmoja, sifa mbili.

Dukani Kikuubo

Mwalimu, na "hoax"? Kuna sauti ilizunguka kwenye simu zetu kwamba soko linafungwa kesho, watu tukahamisha mali usiku kwa gharama. Haikuwa kweli.

Mwalimu, Arua

Huo ni uzushi, ndiyo "hoax". Unawalenga watu wengi, na aliyeutunga si lazima apate pesa.

Binti Bombo

Nimesoma yote nikilia kidogo. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Mdogo wangu alipelekwa Ghuba kufanya kazi za ndani. Wakala hakumdanganya kwa neno hata moja, hilo ndilo linaloniua. Alisema kuna tiketi, ilikuwepo. Alisema nyumba ni kubwa, ni kubwa. Alisema utakuwa na chumba chako. Hakusema chumba hakina dirisha, wala kwamba simu inachukuliwa ukifika, wala kwamba nyumba ni ya familia 3 na mfanyakazi ni mmoja. Amerudi, alhamdulillahi, lakini mshahara wa miezi 5 haukutoka.

Nilipokwenda kulalamika niliulizwa, "Alidanganya wapi?" Nikakosa jibu. Mzee wa Tororo, mimi niandike neno gani?

Mwandishi wa Tororo

Dada, pole wewe na mdogo wako.

Kiingereza kina neno la hilo: "mislead". Ni kupotosha: unaweza kumpotosha mtu kwa maneno ya kweli matupu, ukiyachagua. Lakini usiishie hapo. Sheria ya Uganda ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ya mwaka 2009, inapotaja njia za kumchukua mtu ili anyonywe, imetaja "fraud" (ulaghai) na "deception" (hadaa) kila moja peke yake. Kwa hiyo ukiulizwa tena "alidanganya wapi", usitafute sentensi ya uongo. Weka orodha mbili: aliyoyasema, na aliyoyajua akayaficha. Ya pili ndiyo yenye uzito, na neno lake liandike "deception".

Tena uliza kama wakala huyo alishawahi kupeleka wasichana wengine nyumba hiyohiyo. Kama ndiyo, hawezi kusema hakujua habari za dirisha na simu.

Njoo Tororo, au nitumie, nitaandika bila malipo. Na kama zipo sauti ambazo wakala alimtumia mdogo wako kwa simu kabla ya safari, usifute hata moja.