Tupeane uzoefu: dawa za nguvu za kiume kwa wenye kisukari, presha na moyo

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, nina umri wa miaka 54, ninaishi Masasi, na huu ni mwaka wa 11 tangu nigundulike kuwa na kisukari. Nguvu za kiume zilinipungua taratibu, nikanyamaza miaka miwili huku mke wangu akidhani nina mwanamke mwingine. Nilipojikaza nikamweleza daktari wa kliniki, alinifahamisha kwamba sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo maana sildenafili, dawa ya kuongeza nguvu za kiume, huwasaidia wagonjwa wa kisukari kwa kiwango kidogo kuliko wanaume wengine. Miligramu 50 za kwanza hazikunifaa. Kumbe nilikuwa nikimeza baada ya mlo mzito wa nazi, na mafuta huichelewesha dawa. Sasa ninameza saa moja kabla, tumbo likiwa jepesi, na nafuu nimeiona. Dawa hii haileti hamu, ukaribu na mwenzio lazima uwepo, na nadhani kutolijua hili kumewakatisha wengi tamaa. Aliyepitia haya naomba atueleze.

Kutoka Lindi mjini: Pole, kaka. Mimi nina ugonjwa wa moyo na hutumia vidonge vya naitreti, dawa ya maumivu ya kifua ya kuweka chini ya ulimi. Nilinunua sildenafili katika duka la dawa bila kuulizwa swali hata moja. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenizuia nisimeze, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana presha hushuka ghafla na mtu anaweza kufa. Unga wa mitishamba nao nimeuacha, maana baadhi huchanganywa na sildenafili kwa siri.

Kutoka Newala: Shikamooni. Ninaandika kama mke. Msimu wa korosho uliopita mume wangu aliacha atenololi, dawa yake ya presha, kimyakimya akiamini ndiyo inayommaliza nguvu, hadi tukamkuta ameanguka chini ya mikorosho, presha ikiwa juu mno. Daktari alikiri kwamba dawa hiyo inaweza kuchangia, akambadilishia nyingine. Iliniuma kwamba neno moja tu kliniki lingetosha, lakini aliona aibu.

Kutoka Kilwa: Mimi ni mgonjwa wa figo, nilianzishiwa sildenafili ya miligramu 25. Kichwa huniuma kidogo na uso hupata joto, kisha hupita.

Ni mimi tena wa Masasi: Dada wa Newala, ahsante sana. Kliniki ijayo nitakwenda na mke wangu, naye ameshakubali.