Tupeane uzoefu: paipu ya kupoza oili ya gia otomatiki ikivuja, hasa sisi wa Malindi

Nahodha wa Nchi Kavu
Asubuhi hii Toyota Surf ya jirani, otomatiki, hapa Barani imeacha dimbwi jekundu mlangoni. Yeye ashikilia ni oili ya stelingi. Nikainama nikaona: ni ile paipu itokayo gia boksi kupeleka oili ikapozwe kwenye rejeta, imeoza palepale chini ya kibano. Gari ni la 1994. Waliopitia haya waseme, maana ataka kwenda nalo Garsen kesho.

Bi Spea
Chumvi ya bahari hiyo. Kwa juu paipu yang'aa, chini ya kibano yaliwa. Asiende.

Mwana Mambrui
Asiende kabisa! Umenikumbusha usiku ambao sitausahau. Tulikuwa na Land Cruiser ya ami yangu, otomatiki, tunamleta dada kutoka Minjila, uchungu umeshamshika. Kitambo kidogo kabla ya hapo gereji moja ilikata kipande cha paipu kilichooza ikaunga kwa mpira wa petroli, klipu moja kila upande, na ncha za paipu zikaachwa laini kama zilivyotoka kwenye msumeno. Mjini gari lilienda vizuri tu. Mjini oili haipati joto la kukwambia ukweli.

Tumeshapita Marereni, injini ikaanza kupiga kelele na gari haliendi. Wakanyaga mafuta, mlio wapanda, mwendo washuka. Mara moshi. Ami akasema ni vumbi, mama nyuma akasema hilo si vumbi, simamisha gari! Nafungua boneti, mpira umechomoka, oili yamwagikia ekzosti na moto umeshawaka. Tulizima kwa mchanga, tukiuzoa kwa mikono na kwa kanga ya mama. Dada amelala kando ya barabara analia, na simu haishiki.

Kijana wa Gede
Ndio maana mimi ni gia za mkono tu. Otomatiki kuukuu kwa pwani hii ni kujitafutia balaa.

Dereva wa Mokowe
Gia za mkono hazivuji? Sili ya nyuma ya gia boksi yako ikikatika utakuja hapa kutuuliza. Mwacheni mwenzetu amalize. Dada ilikuwaje?

Mzee wa Shela
Mimi njiani hutumia sabuni ya mche. Yaziba tangi la dizeli hadi nyumbani.

Fundi wa Maweni
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa sabuni haifai. Tangi halina msukumo. Hii paipu ina pampu nyuma yake na oili ni ya moto, sabuni itayeyuka kabla hujafika Sabaki. Gundi ya chuma nayo ni vivyo hivyo, itashika kwenye kutu, na kutu itabanduka.

Nimefanya kazi hii sana, nisikilizeni. Kata hadi ufikie chuma kizima, usikionee huruma. Ncha ya paipu itanuliwe kidogo iwe na ukingo, ndio unaozuia hosi kuchomoka. Hosi iwe ya oili ya gia, tafuta maandishi SAE J1532 ubavuni, ndiyo alama ya hosi za kazi hii, na klipu ziwe mbili kila upande. Ipitishe mbali na ekzosti. Kama kutu imetapakaa, badilisha paipu zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, zimezeeka pamoja. Kisha jaza oili ya gia otomatiki, Dexron III, washa injini, pitisha gia zote moja moja, rudi P (ya kuegesha), upime kwa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, injini ikiwa ya moto na inaunguruma. Ukipima imezimwa utadanganyika.

Kijana wa Gede
Wengine husema ziba njia ya rejeta kabisa, weka kipozeo cha nje.

Fundi wa Maweni
Wanaosema hivyo wana sababu rejeta ikiwa imetoboka ndani. Oili ikigeuka rangi ya maziwa ya waridi, maji yameshaingia, hapo usiwashe gari tena. Rejeta ikiwa nzima, iache ifanye kazi yake.

Dereva wa Mokowe
Mimi naona kipozeo cha nje ni bora hata rejeta ikiwa nzima, joto letu hili. Lakini Mwana Mambrui, twakungoja!

Mwana Mambrui
Lilitokea lori la chumvi likielekea Malindi. Dereva hakuuliza jina la mtu, aliwapakia mama na dada kabini. Alijifungua ndani ya lori kabla ya daraja la Sabaki. Mvulana, mzima, alhamdulillahi. Sisi tulibaki na gari hadi jua lilipotoka. Gia boksi ilikufa, klachi zake ziliungua kwa kukosa oili. Kisa ni mpira usio wake na klipu moja. Ndio nasema asiende.

Bi Spea
Mashallah. Mwenyezi Mungu amlipe dereva huyo.

Nahodha wa Nchi Kavu
Nimemsomea jirani yote, amekubali kulivuta hadi gereji kwa kamba.

Fundi wa Maweni
Ngoja! Injini ikiwa imezimwa pampu ya gia boksi haizunguki, magurudumu yakizunguka yatakausha ndani. Weka ile gia ndogo ya fobai-fo kwenye N (huru), na mwendo uwe wa pole.

Nahodha wa Nchi Kavu
Limefika salama. Duka la kwanza lilimpa mpira wa petroli likasema ni sawa tu. Ameurudisha.