Akiona tundu kwenye tovuti, akaliseme kongamanoni au anyamaze?

FundiMaweni: Wakuu, naomba maoni, na hili si la mzaha. Binamu yangu hapa Malindi alikuwa akimsaidia mteja kulipia nyumba kwenye tovuti moja ya kukodisha nyumba za ufuoni. Akaona anwani ya ukurasa inaishia na namba ya oda. Akabadilisha tarakimu ya mwisho tu, ikamfungukia pasipoti ya mgeni mwingine: picha, namba, tarehe ya kuzaliwa. Hakutumia nywila ya mtu. Aliwaandikia wenye tovuti, jibu likaja kutoka kwa wakili wao: akiendelea, watampeleka polisi. Tundu liko wazi hadi leo. Sasa amekubaliwa kuzungumza kwenye kongamano la usalama wa mtandao Nairobi. Mimi namwambia aende, mamake hataki hata kusikia. Mwasemaje?

MzeeMkomani: Asiende. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 haina utani: kuingia usikoruhusiwa ni faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Ukikuta mlango wa jirani haukufungwa, wambisha hodi yeye, huendi kutangaza sokoni. Nimekuwa mtu wa benki mpaka kustaafu, siri hailindwi kwa kupigiwa mbiu. Tena nyinyi wa Malindi mmezoea. Hata mawakala wenu wa pesa za simu ndio wanaowauzia matapeli namba za watu.

WakalaKisumuNdogo: Shikamoo mzee. Hilo la mwisho umelitoa wapi?

BintiShela: Mzee wangu, hodi alishabisha, akajibiwa kwa wakili. Na hoja ya siri ilishajibiwa zamani. Kerckhoffs, mtaalamu wa Kiholanzi wa maandishi ya siri, aliandika 1883 kwamba mfumo wa kuficha ujumbe lazima ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Cha kufichwa ni ufunguo peke yake. Tovuti inayotegemea watu wasibadilishe tarakimu moja haina ufunguo wowote.

Langoni_01: Si ndio wale Waholanzi waliofungwa kwa sababu ya kadi za treni? Mwambieni kijana atulie.

BintiShela: Hakuna Mholanzi aliyefungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud waliivunja kadi ya Mifare Classic, iliyotumika kwenye usafiri na kufungulia milango ya ofisi. Kampuni ya NXP, inayotengeneza chipu zake, ikaenda mahakamani 2008 kuzuia makala yao, mahakama ikakataa, makala ikatoka mwaka huohuo. Mahakama ikasema hasara ikitokea chanzo chake ni kadi mbovu, si makala.

Langoni_01: Basi ni yule Mrusi. Alihutubia Las Vegas, kutoka tu akakutana na pingu.

BintiShela: Sklyarov, 2001, alieleza udhaifu wa ulinzi wa vitabu vya kielektroniki vya kampuni ya Adobe. Huyo kweli alikamatwa, ila kwa programu ya kampuni yake ya kuvunja ulinzi huo. Baadaye mashtaka dhidi yake yakaondolewa.

Langoni_01: Baadaye! Wiki za rumande nani alimrudishia?

WakalaKisumuNdogo: Mzee, bado nasubiri. Nimekaa kwenye kibanda hiki tangu asubuhi, watu wananiamini na pesa za karo, wewe unaniita muuza namba mbele ya kaumu yote.

MzeeMkomani: Sijakutaja wewe. Lakini sisemi la kubuni. Lile daftari lenu kubwa, mteja anaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na kiasi, kisha anatia sahihi. Laachwa wazi juu ya kaunta na biro imefungwa kwa uzi. Anayefuata kwenye foleni asoma ukurasa mzima. Dadangu aliswapiwa laini, yaani namba yake ikahamishiwa laini ya tapeli, baada ya kutoa pesa, na alichopoteza hakikurudi.

WakalaKisumuNdogo: Pole kwa dadako, kwa moyo kabisa. Lakini daftari nililetewa nikaambiwa nijaze. Nani alinifundisha kwamba lile ni hatari? Mikutano yenu ya wataalamu hufanyika hotelini Nairobi, kiingilio ni faida yangu ya mwezi. Hakuna aliyewahi kufika kibandani kuniambia funga daftari.

FundiMaweni: Jamani, binamu yangu.

Langoni_01: Ni kweli pia laini zenyewe zilikuwa zadukuliwa kwa meseji? Nilisikia.

BintiShela: Mtafiti Mjerumani Karsten Nohl alilionyesha hilo kwenye kongamano la usalama la Black Hat, 2013. Meseji ya siri inatumwa kwa laini, laini za zamani zinajibu kwa ujumbe wa kosa wenye saini ya kidijitali, na kutokana na jibu hilo ufunguo wa biti 56 wa DES, mfumo wa zamani wa kuficha ujumbe, ulipatikana kwa dakika chache. Ila aliwaarifu GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, miezi kabla, kampuni za simu zikapata nafasi ya kuziba. Ndiyo njia ninayoitaka mimi: waambie kwanza, wape muda, kisha sema hadharani. Project Zero, kikosi cha Google cha kutafuta matundu, hutoa siku 90. Lakini la dadake mzee ni jingine, hapo mtu alijifanya yeye ili apewe laini mpya.

WakalaKisumuNdogo: Mmesikia? Si wakala.

BintiShela: Sikusema hivyo kaka. Ili ajifanye yeye, alihitaji namba ya kitambulisho. Na hiyo imo daftarini.

MzeeMkomani: Ahsante binti.

FundiMaweni: Nimeongea naye. Ataenda, lakini jina la tovuti hatalitaja, ataeleza aina ya kosa na jinsi ya kulizuia. Na kabla ya hapo anapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa sheria ya ulinzi wa data ya 2019, wenye tovuti wanapojua data imefikiwa na asiyehusika na kuna hatari ya madhara, wana saa 72 za kumwarifu kamishna. Wao walikimbilia kwa wakili.

MzeeMkomani: Hapo sina neno. Lakini picha za pasipoti alizoziona azifute, asipande nazo jukwaani.

FundiMaweni: Nitamwambia, mzee.

WakalaKisumuNdogo: Mimi nimenunua bahasha ngumu, kila mteja akimaliza kuandika nafunika majina ya juu. Mzee, ukija Malindi pita uone. Na lile neno la kuuza namba, bado nangoja ulirudishe hapahapa uliposemea.