Mshiriki wa utafiti wangu anataka data zake zifutwe. Naweza kukataa?

Nafsi_Tulivu: Wakuu, habari za usiku. Namalizia tasnifu ya uzamili, saikolojia. Nilikuwa na washiriki 40. Mmoja kaniandikia anataka data zake ziondolewe zote, wakati fomu ya ridhaa alisaini mwenyewe na jaribio akalimaliza. Nikimtoa, matokeo yanayumba, na nawasilisha wiki ijayo. Nina haki ya kukataa? Ushauri tafadhali, matusi sitaki.

Kichwa_Ngumu: Nimekaa kiti cha mbele.

Mama_Watatu: Pole mwanangu. Mimi dodoso zangu zililowa mvua, zote, wino ukachuruzika hadi mezani. Nililia siku mbili, nikaanza upya, na leo nina cheti. Usikate tamaa.

Kalamu_Kavu: Fomu ya ridhaa si hati ya kuuza shamba. Mshiriki hujitoa wakati wowote na halazimiki kutoa sababu. Kufuta data kunashindikana pale tu majina yameshaondolewa, hujui tena ipi ni ya nani, na mpaka huo unatakiwa uwe umeandikwa kwenye fomu. Yako ilisemaje? Na kwa nini anataka kutoka?

Nafsi_Tulivu: Fomu haikutaja mpaka. Sababu ni mambo yake binafsi.

Kalamu_Kavu: Mambo gani?

Nafsi_Tulivu: Haya. Nilikuwa napima kujiamini. Walifanya mtihani wa mafumbo, kisha nusu yao nikawapa alama za uongo, kwamba wako katika 10% ya chini kabisa. Huyo dada alikuwa kundi hilo. Tafiti hizi ndivyo zinavyofanywa, na kamati ya maadili ilipitisha.

Kalamu_Kavu: Ilipitisha uongo wenye mwisho. Uliwaambia ukweli kabla hawajatoka chumbani?

Nafsi_Tulivu: Nilipanga kuwaambia wote siku moja, wasije wakavujishiana. Wanasoma darasa moja. Mimi ndiye ninayewasahihishia kazi zao. Yeye hajaonekana darasani wiki 3 sasa. Lakini sikumlazimisha mtu kushiriki!

Mzee_wa_Kona: Kalamu nyekundu unashika wewe, halafu unamwambia mtoto wa watu hana akili. Angekataaje kushiriki? Na hayo ndiyo "mambo yake binafsi"?

Bandari_Salama: Tusimuonee. Mwanasaikolojia Milgram aliwaaminisha watu kuwa wanampiga mwenzao shoti hadi volti 450, na 26 kati ya 40 wakafika mwisho. Mbona anafundishwa kila mahali?

Kalamu_Kavu: Anafundishwa pamoja na lawama zake. Alichapisha 1963, mwaka uliofuata mwanasaikolojia mwenzake, Diana Baumrind, akamshukia kwa maandishi kwa namna alivyowatendea washiriki. Tena wapo walioondoka maabara bila kuambiwa kila kitu, wakarudi nyumbani wakidhani wamemuumiza mtu. Hata Zimbardo, na jaribio lake la gereza la kuigiza la 1971, alipanga wiki 2 akasimamisha siku ya 6. Wewe una wiki 3 na bado unahesabu jedwali.

Mama_Watatu: Binti yangu aliambiwa hesabu hazimfai akiwa na miaka 11. Hadi leo akigawa bili mkono unamtetemeka.

Jicho_la_Tatu: Jamani, chai hii. Washiriki 40, sawasawa na wa Milgram? Maelezo yanatoka kidogo kidogo, kila akibanwa anaongeza kijiko. Washiriki ni sisi hapa, anapima tunavyohukumu.

Kichwa_Ngumu: Mimi sijasaini fomu yoyote. Data zangu zifutwe, pamoja na kiti.

Mzee_wa_Kona: Na kama ni sisi, kundi la 10% ya chini ni Bandari_Salama.

Nafsi_Tulivu: Si chai. Ingekuwa chai ningejitungia sura nzuri zaidi. Nimeanza kumwandikia: "Samahani kama ulijisikia vibaya kidogo. Alama zile hazikuwa halisi."

Kalamu_Kavu: Toa "kama". Toa "kidogo". Anza na alama, mwambie zilipangwa kabla hajaingia na wala mtihani wake haukusahihishwa. Mwambie data zake umefuta, na uwe umefuta kweli. Wenzake 19 waambie leo pia. Ila kabla hujabonyeza, mpigie msimamizi wako, yeye ndiye wa kuipeleka habari hii kwa kamati.

Nafsi_Tulivu: Hapo kwa msimamizi ndipo pagumu.

Kalamu_Kavu: Pagumu kivipi?

Nafsi_Tulivu: Nilishamwambia kwamba niliwaambia.