Mazoezi ya kuruka baada ya upasuaji wa kano ya goti: aanze lini?

Mama wa mchezaji, Igoma
Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu, mchezaji wa netiboli, alikatika kano ya mbele ndani ya goti, akapandikiziwa nyingine, na sasa ametimiza miezi minne. Hachechemei tena, hivyo kocha wake anataka aanze kuruka kwenye mchanga wa ufukweni na kushuka mbio kwenye miamba ya mlimani. Je, wakati umefika?

Mtaalamu wa fiziotherapia
Mama, shikamoo. Wengi huruhusiwa kuanza karibu na kipindi hicho, lakini kalenda pekee haitoshi. Kano iliyopandikizwa, ambayo mara nyingi huchukuliwa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, hudhoofika kwanza kabla ya mwili kuijenga upya, na ujenzi huo huweza kupita mwaka mzima. Kutembea vizuri si kipimo. Goti lisiwe na uvimbe, linyooke lote, na msuli wa mbele wa paja ufikie walau asilimia 80 ya nguvu za ule wa mguu usioumia.

Akifika hapo, ajifunze kwanza kutua. Aruke kwa miguu yote miwili kupanda kibao cha sentimita 15 hivi, kisha ateremke kwa hatua ya kawaida, kwa kuwa kutua kutoka juu ndiko kunakolemea goti zaidi. Atue bila kishindo, nyonga na magoti yakikunjika pamoja, wala goti lisiingie ndani. Kuruka kwa mguu mmoja na kugeuka ghafla kutafuata baadaye. Apumzike saa 48 hadi 72 kati ya mazoezi, na goti likivimba kesho yake, apunguze.

Mwalimu wa viungo, Nyamagana
Naunga mkono, na nimsihi kocha aache miamba kwa sasa, maana kushuka mbio humlazimu mtu kujizuia kwa msuli uleule ambao bado ni dhaifu. Mchanga hupunguza kishindo, lakini mguu huzama na kuyumba, na msuli haupati ule mvutiko na mrejeo wa haraka ambao ndio shabaha ya mazoezi haya. Uwanja tambarare wenye nyasi unafaa zaidi. Tena netiboli haisamehe: anayedaka mpira hewani haruhusiwi kuinua mguu aliotulia na kuukanyagisha tena kabla ya kuutoa mpira, kwa hiyo goti hubeba breki yote.

Mama wa mchezaji, Igoma
Nawashukuru sana. Na mashindano?

Mtaalamu wa fiziotherapia
Asicheze kabla ya miezi tisa. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takribani nusu. Hata hapo, apimwe umbali wa kuruka kwa mguu mmoja: uliopasuliwa ufikie asilimia 90 ya mwenzake, na nguvu za paja vivyo hivyo.