Tupeane uzoefu: ngozi uliitayarishaje kabla ya upasuaji wa uso?

Mama Tesh, South B
Habari zenu wapendwa, tusaidiane hapa bila kuchekana. Nimepangiwa kufanyiwa kope za juu, zimelegea mpaka nikisoma nazishikilia na kidole, na kila nikiuliza watu wananiambia bei na kovu tu, ngozi yenyewe unaianzia wapi kabla ya siku kufika hakuna anayesema. Daktari ameniambia retinoli, ile krimu ya vitamini A, niiweke kando siku ikikaribia, losheni ya jua kila asubuhi hata huu mwezi wa saba, nikamuuliza jua liko wapi Nairobi na baridi hii? Akasema tuko karibu na ikweta halafu juu mita 1,700 hivi, miale inapita tu kwa mawingu, na ngozi nyeusi ikiumia huwa inaacha alama nyeusi haraka. Waliopitia leteni maneno.

Njeri wa Kasarani
Mimi nilimsindikiza dadangu, alitaka kuinuliwa uso. Swali la kwanza halikuwa umri wala presha, ni "unapaka nini?" Akaambiwa abebe vyote. Siku hiyo daktari akapanga vikopo mezani, akachukua kimoja hakina hata maandishi, kile cha kuchanganyiwa huko tao ukingoja, akakinusa akakiweka pembeni. Hidrokwinoni na zebaki, zile za kung'arisha ngozi, kwa vipodozi zimekatazwa hapa Kenya lakini si mnajua zinauzwa mchana kweupe. Akamshikia kioo, akamwonyesha vimishipa vyekundu kwa mashavu, akasema hiyo ni kazi ya steroidi, dawa inayochanganywa kwa hizo krimu, ngozi inakuwa nyembamba, kidonda kinakawia kupona. Na usiache ghafla kama umepaka miaka, uso unawaka moto na kuvimba, lazima daktari wa ngozi akupunguzie polepole. Tarehe ikasogezwa. Dadangu alilia kwa gari hadi Roysambu, lakini mimi huyo daktari nilimpenda siku hiyo, mwingine angechukua pesa anyamaze.

Baba Shiko
Wanaume pia tupo msidhani. Mimi ni kovu la bodaboda hapa shavuni. Shida yangu ilikuwa sigara, nikaambiwa niiache wiki 4 kabla na wiki zingine baada, nikotini inabana mishipa ya damu, ngozi iliyovutwa ikashonwa ikikosa damu ukingo wake unageuka mweusi unakufa. Nikauliza vepu je? Ni nikotini ileile, hata chingamu zake. Shisha ilipigwa marufuku 2017 lakini wenye mnaivuta mnajijua, nayo inahesabika. Na kama unatafuna miraa mwambie mtu wa nusukaputi ukweli, inapandisha mapigo ya moyo, usimfiche ati ni aibu.

Bi Mkubwa Pangani
Mama Tesh paka liwa na asali mwanangu, uso utakuwa laini kama wa mtoto.

Njeri wa Kasarani
Shikamoo Bi Mkubwa, lakini hapana kwa sasa, akipata mzio hapo machoni wataahirisha. Wiki za mwisho hakuna kitu kipya, hakuna skrabu, hakuna fesheli, nyusi zisitolewe na uzi.

Kui_wa_Umoja
Mimi ni mtu wa keloidi, yale makovu yanayoota yakavimba kuzidi kidonda chenyewe. Daktari hakuangalia uso kwanza, aliangalia masikio nilipotoboa, halafu ile alama ya chanjo ya utotoni mkono wa kushoto. Ilikuwa imevimba kidogo, tukaongea sana kabla ya kuamua. Mama Tesh usiogope sana, kope ni nadra kuota keloidi. Kama huwa unatokwa na vile vidonda vya homa mdomoni sema pia, hasa kama kuna leza, kuna dawa unapewa mapema. Brufen, mafuta ya samaki, vitamini E, vidonge vya kitunguu saumu, vyote uliza visimamishwe lini, ndivyo vinafanya uso uvilie damu. Aspirini ya moyo usijikatie mwenyewe, mwenye kukuandikia ndiye aseme. Na jina la daktari wako litafute kwa orodha ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya.

Mama Tesh, South B
Jina nimeliona lipo. Aspirini nakunywa, kesho nampigia wa moyo. Sasa hizi nyusi zangu za wino, nizirudie kabla ama baada? Mwenye alifanya zote mbili aniambie.